Koti la Mikono Miwili Isiyolingana

Ha Mosiroe, Mokhotlong
12 Aprili 1997

Kwako Mapuleng, mkamwana wangu,

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, usimtafute mwingine wa kumlaumu kwa mwandiko. Darasa la nne niliingia mara mbili, na ile ya pili niliingia kudai kofia yangu aliyokuwa ameninyang'anya mwalimu.

Mimi mzima. Farasi mzima. Paa linavuja pale pale ulipopaacha. Kuku wako mwekundu amekuwa mchawi, anataga juu ya tandiko la farasi ninaloshona, nami kila asubuhi nafanya kazi ya fundi na ya mkunga.

Neno lenyewe ni hili. Nataka koti la baridi. Si la kwendea kanisani, huko mimi na Mungu tumeshazoeana, hata nikienda na gunia atanifungulia. Nataka koti la kuishi nalo. Liwe na joto, lidumu, na lisinifilisi. Kwenye duka letu hapa koti jipya linauzwa bei ya mtu anayekusudia kuchekwa. Wewe uko Maputsoe, unashona nguo mchana kutwa, unajua kitambaa kinapodanganya. Ndani ya bahasha kuna noti. Ni za yule mbuzi mkorofi aliyekula shuka lako la harusi. Kwa hiyo koti utakuwa umelilipia wewe kwa njia ndefu.

La mtumba si neno. Wazungu wakifa hawana wajomba wa kuja kugawa nguo zao, ndiyo maana zinavuka bahari kututafuta sisi. Kwetu mtu akifa hata soksi zake zina mwenyewe, naye ni mjomba. Yule shemeji yangu Nkhahle, ndugu wa marehemu mke wangu, nadhani akikosa usingizi anatuhesabia mashati.

Fanya haraka. Juzi kilele cha mlima kilikuwa cheupe, nasi bado hatujavuna mtama.

Mimi baba mkwe wako,
Khoabane, fundi wa matandiko


Maputsoe
24 Aprili 1997

Baba,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa huku hakuna wa kuniona ila cherehani.

Barua nimeipata kwa dereva wa lori la sufu, na pesa nimezipata. Nitatafuta. Lakini naomba unisamehe swali ambalo mkamwana hapaswi kuuliza. Mwanamume wa milimani anataka koti la nini? Blanketi lako la kahawia bado lina uhai. Nililifua mwenyewe mwaka jana na maji yalitoka masafi mara ya pili. Siku ile ya harusi yangu ulisema mbele ya watu wote kwamba anayevaa koti badala ya blanketi ni karani au mwizi wa kondoo. Sijui umekuwa yupi.

Nikuulize pia vipimo. Siwezi kukisia, nawe unajua kwa nini.

Baba, lingine. Molefi hajaniandikia tangu Januari. Barua yake ya mwisho ilisema mgodi unapunguza watu, na kwamba huenda atahamia shimo jingine huko Welkom. Kisha kimya. Kila mwisho wa mwezi nasimama darajani mabasi ya wachimbaji yanapovuka mpaka. Wenzangu wanawapokea waume zao mabegi. Mimi nafunga mikono yangu nyuma ili isionekane haina kitu.

Kama una habari za mwanao, hata ziwe mbaya, nipe. Mbaya naweza kuzibeba. Kimya ndicho kinachonielemea.

Ni mimi,
Mapuleng


Ha Mosiroe
3 Mei 1997

Mkamwana,

Umeniuliza mimi ni karani au mwizi. Karani sikusoma vya kutosha, na kondoo nimezeeka siwezi kukimbia nao. Basi niache katikati.

Blanketi halina mikono, hilo ndilo kosa lake. Ukinyoosha mkono kuchukua kikombe, upepo unaingia hadi kwenye mbavu. Halafu ni zito. Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo penye kazi: koti liwe jepesi. Joto la mablanketi mawili, uzito wa nusu. Lisibane kifuani. Liwe na vifungo vikubwa ambavyo vidole baridi vinaweza kuvishika, zipu sitaki. Lisinuke dawa ya nondo wala sabuni kali, inanikohoza. Na lilalike, yaani mtu aweze kulala nalo ameketi, ameegemea ukuta.

Usiulize kwa nini mtu analala ameketi. Uzee una mambo yake.

Vipimo hivi hapa, kwenye kamba ya manyoya ya mbuzi niliyoisokota mwenyewe. Toka mwanzo wa kamba hadi fundo la kwanza ni mabega. Kutoka hapo hadi la pili ni kifua, mzunguko wote. La tatu mkono wa kulia, la nne mkono wa kushoto. Nimepima yote miwili kwa sababu fundi wa matandiko hapimi upande mmoja akabahatisha wa pili. Farasi akichubuka mgongo hamlaumu Mungu.

Usishangae mabega kuwa mapana. Miaka mitano umeingia na kutoka kwangu ukitazama viatu vyangu tu, kama heshima inavyotaka, nami nakushukuru, viatu vyenyewe vimefarijika. Basi mabega yangu yapokee yalivyo.

Habari za Molefi. Mwanangu, nilikuwa mchimbaji miaka kumi na tisa. Huko Welkom wapo wanawake wanaosonga ugali laini na hawaulizi maswali mengi. Kama kijana wangu ameangukia huko, mkasirikie. Mkasirikie hasa, usibakize. Mtu mwenye hasira anakula na analala. Mimi baba yake nakupa ruhusa.

Khoabane


Maputsoe
14 Mei 1997

Baba,

Koti nimelipata.

Jumamosi nilikwenda kwa Mama Mpolokeng, anayeuza mitumba karibu na daraja. Mwanamke yule ana ulimi, mngepatana. La kwanza alilonipa ni lile la kuvimba, la nailoni, jekundu.

"Hili jepesi kama dhambi ndogo," akaniambia.

Nikaliminya. Ndani yake pamba ilikuwa imekimbilia chini yote, mabegani pamebaki kitambaa kitupu. Nikamwambia, "Mama, hili linapasha joto magoti."

"Kwani baba mkwe wako hana magoti?"

La pili lilikuwa la kijeshi, la kijivu, sufu tupu. Nililipenda kwa jicho. Nilipoliinua lilinivuta chini. Ulisema lisiwe zito, nikalirudisha. Akasema, "Binti, hilo limepigana vita, wewe unaliogopa?" Nikamwambia aliyelivaa pengine amekufa kwa uzito wake.

La tatu alikuwa amelikalia. Ni kahawia, sufu laini, ndani lina bitana ya hariri iliyotiwa sufu nyembamba na kushonwa miraba miraba, ili isikimbilie chini. Nilichomoa uzi kwenye pindo nikauwasha kiberiti; ulinuka nywele zilizoungua, ukaacha majivu ya kusagika. Ni sufu ya kweli. Plastiki ingeyeyuka ikanuka mafuta ya taa. Nikaligeuza nikavuta kwapani, maana koti huanza kufa kwapani. Mishono imeshonwa mara mbili. Nikalitazama kwenye jua, halina tundu la nondo. Ukosi unasimama. Kifungo kimoja hakipo, navyo ni vikubwa. Alitaka zaidi ya ulichotuma. Nilimwonyesha mahali pa kifungo, nikanyamaza, nikaendelea kunyamaza. Akapunguza hadi pesa zako zikatosha, akasema ninayemnunulia nguo ana bahati, na anayeniuzia ana mkosi.

Nimelianika siku tatu upande wa upepo. Halinuki kitu.

Hadi hapo nilikuwa na furaha, Baba.

Jana nilitandaza koti mezani nikanyoosha kamba yako juu yake. Mkono wa kulia ukakaa sawa na fundo. Mkono wa kushoto kamba ikapungua vidole viwili. Nikadhani umefunga vibaya. Nikapima tena. Kisha nikakumbuka kuwa wewe hufungi vibaya.

Mwanamume mwenye mkono wa kushoto mfupi vidole viwili namjua mmoja tu. Jiwe lilimvunja shimoni mwaka wa tisini na tatu, mfupa ukaungwa ovyo, na mashati yake yote tangu hapo nimeyapunguza mimi. Nikapima mabega. Ni yake. Nikapima kifua, nacho si chake. Kimepungua vidole sita. Mabega ni mfupa, hayakondi. Kifua ndicho kinachokonda.

Ni kweli sijawahi kukutazama mabega. Lakini mume wangu nimemtazama.

Baba, nani alikuwa amesimama mbele yako ulipokuwa ukifunga mafundo?

Mapuleng


Ha Mosiroe
17 Mei 1997

Mkamwana,

Una macho kama ya karani wa kodi. Nilimpima jirani yangu Tello, kwa kuwa mtu hawezi kujipima mgongo, naye amefanana nami. Kuhusu mkono, ukizeeka mmoja unafupika, ni ule wa kushikia chungu cha pombe.

Koti mpe dereva wa lori, anapita kwenu Jumatano. Baridi imeshafika.

Khoabane


Maputsoe
21 Mei 1997

Baba,

Koti limekwisha. Kifungo nimekitia. Mkono wa kushoto nimeupunguza vidole viwili. Ikiwa ni lako kweli, litakukaa vibaya.

Dereva alikuja leo, nimemrudisha mikono mitupu.

Huku maji kwenye ndoo yameanza kuganda asubuhi, sembuse huko. Kila siku utakayokaa bila kuniandikia ukweli, aliyepimwa kwa kamba ile atalala bila koti. Najua ninachokifanya. Hakuna heshima katika neno hili, na sitaomba radhi.

Mapuleng


Ha Mosiroe
24 Mei 1997

Mwanangu Mapuleng,

Umeshinda. Barua yako nilisomewa na Molefi mwenyewe, maana miwani yangu kuku ameikalia. Alisoma hadi kwenye "vidole viwili", akaishusha karatasi. Nikamwambia endelea. Akasema, "Baba, nilikuambia upime mkono mmoja." Nikamwambia, "Na mimi nilikuambia huyu mwanamke si wa kudanganywa kwa kamba." Akacheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi, nikamshika hadi kikapita.

Alikuja tarehe mbili Februari. Mgodi ulimpa karatasi na begi. Karatasi inasema mapafu yake yamejaa vumbi la mawe. Muuguzi wa zahanati yetu alimsikiliza mgongoni muda mrefu, akasema moshi usimkaribie, mengine yote tumwachie Mungu. Ndiyo sababu analala katika kile kibanda changu cha kazi, ambako siwashi moto wa samadi. Hakuna moto mle. Blanketi moja halimtoshi, na la pili linamlemea kifuani hadi anaamka akipigana nalo. Akilala chali anazama, kwa hiyo analala ameketi. Sasa unajua kwa nini niliandika orodha ya ajabu kama mjamzito.

Alivuka daraja la Maputsoe akiwa kwenye basi. Aliniambia alikuona. Ulikuwa umesimama pale unapongojea mabasi, na mikono nyuma. Akavuta kofia usoni.

Nilimtukana kwa hilo. Nilimtukana matusi ambayo sikuwa nimeyatumia tangu nilipokuwa shimoni. Akasema, "Baba, akijua niko hivi ataacha kazi aje aniuguze, kisha nife, abaki hana mume wala kazi. Afadhali afikiri nimepata mwanamke. Afadhali anikasirikie kuliko avae nguo nyeusi." Akaniapisha kwa jina la mama yake. Mimi mzee mpumbavu nikaapa, nikakaa nikakuandikia uongo ule wa Welkom, tena nikauona umenoga. Nilitegemea heshima yako, kwamba hujawahi kuniinulia macho. Nikaifanya heshima yako kuwa blanketi la kufunikia uongo wangu. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kiapo nimekivunja. Mama yake tukikutana nitajitetea, hata akiwa hai sikuwahi kushinda kesi kwake.

Tuma koti. Au lilete.

Khoabane


Maputsoe
28 Mei 1997

Baba,

Kiwandani wamenipa wiki mbili. Nakuja Ijumaa na lori la sufu.

Mwambie hasira aliyonitakia ninayo, naja nayo yote. Mwambie aketi vizuri.

Koti nitalivaa mimi njiani, lifike likiwa na joto.

Mapuleng


Ha Mosiroe
31 Agosti 1997

Mwanangu,

Jana zilitimia wiki saba tangu tumzike Molefi, na kama ilivyo desturi mjomba wake Nkhahle alikuja kugawa nguo. Najua uliomba ruhusa uje na hawakukupa, walisema wamekupa ya ugonjwa na ya maziko, mtu mmoja hafi mara tatu. Basi nakuandikia ili uwepo.

Tulizitandaza kwenye mkeka mbele ya nyumba. Hazikuwa nyingi. Viatu vya shimoni, suruali mbili, mashati yale uliyoyapunguza mkono, na koti. Ukoo wote ulikuwa umekaa, na kila mtu alikuwa anatazama koti huku akijifanya anatazama mlima. Wewe ulilichagua, wewe unajua. Alilivaa siku thelathini na sita na hakulivua ila siku moja ulipompigia pasi ukosi, akakaa amejikunyata akikungoja kama mtoto nje ya duka. Alipokufa alikuwa nalo, ameketi, ameegemea ukuta, vifungo vyote vimefungwa. Hakufa kwa baridi. Hilo nataka ulishike. Nilitia mkono ndani ya koti asubuhi ile nikadhani bado yupo, kwa jinsi lilivyokuwa na joto.

Nkhahle aligawa viatu, akagawa suruali. Akaliinua koti. Akaligeuza, akavuta kwapani. Nani alimfundisha, sijui.

"Koti zuri," akasema.

"Lichukue," nikamwambia. "Ni haki ya mjomba. Umelingoja kwa adabu kuliko nilivyotegemea."

"Nani amekuuliza? Simama."

"Nisimame kwa nini, mimi ni kondoo wa mnada?"

"Simama, shemeji, kwa mara moja maishani mwako fanya jambo bila maneno."

Nikasimama. Akanivika mbele ya watu, mkono mmoja, kisha wa pili, akanifunga vifungo kuanzia chini kama anayemwandaa mtoto kwenda shule. Nikamwambia halinienei. Akasema, "Molefi alinisimulia wiki ile nilipokuja kumwona. Si ulimwandikia mkamwana wako kwamba koti ni lako? Basi vaa uongo wako, ukupashe joto."

Watu wakacheka. Nami nilikuwa nataka kucheka, mdomo ukakataa. Nilikaa chini nikiwa nimevikwa hadi jua lilipogeuka. Miaka thelathini nimemtania yule mwanamume kwa mashati.

Mwanangu, mabega yananifika kwenye viwiko. Ninaonekana kama mbuzi aliyeingia guniani akakosa njia ya kutokea. Mkono wa kulia umenimeza vidole vyote, wa kushoto unanibakishia ncha tatu. Kwa hizo tatu nashikia karatasi hii.

Mfukoni nimekuta ile kamba. Kumbe ulimpa. Mafundo yote manne ameyafungua, imenyooka kama haijawahi kupima mtu. Sijui aliyafungua lini, na vidole vile, na pumzi ile.

Nimejipima nayo leo, safari hii kwa kweli. Nikutumie upunguze mikono? Kama hutaki koti lake liguswe, niambie, nitalivaa hivi hivi nikunje. Na kama unaona umeshamaliza kuwa mkamwana wa nyumba hii, hilo nalo niambie, wewe bado kijana, sitakulaumu. Ila kuku wako mwekundu sitamrudisha.

Baba yako,
Khoabane


Maputsoe
9 Septemba 1997

Baba,

Mkono wa kulia nitaupunguza. Wa kushoto tutauacha.

Mwisho wa Oktoba nina siku nne. Nitakuja na mkasi na uzi wa kahawia. Kuku asichinjwe.

Usitume kamba. Vaa koti, simama mlangoni penye mwanga. Nitakutazama.

Mwanao,
Mapuleng